Hitilafu za hulka: Si ukaidi wala laana, na tiba ipo

WAHENGA walinena kwamba tabia ni ngozi. Walikusudia kuwa mtu hawezi kuuvua mwenendo wake kama avuavyo shati. Msemo huo umetumiwa tangu jadi kufunga mjadala kila anapotajwa jamaa asiyeelewana na watu: mjomba anayemshuku kila anayebisha hodi, dada anayependa leo na kuchukia kesho, au jirani asiyekubali kosa hata akiwekewa ushahidi mbele ya macho yake. Watu hutikisa vichwa na kusema, "Ndivyo alivyo."

Hata hivyo, elimu ya magonjwa ya akili imebainisha kuwa baadhi ya watu hao hawasumbuliwi na ukaidi, laana wala malezi mabaya peke yake. Wana kile ambacho wataalamu hukiita hitilafu za hulka, yaani mikondo ya kufikiri, kuhisi na kuhusiana na wengine ambayo imekakamaa kiasi cha kumletea mwenyewe mateso na kuvuruga maisha ya walio karibu naye. Lililo muhimu zaidi ni kwamba nyingi za hitilafu hizi hupungua makali, na kwamba tiba yake kuu si vidonge bali ni mazungumzo yenye mpango.

Jambo hili halijulikani na wengi. Kwa sababu hiyo, wapo wanaofukuzwa nyumbani, wanaoachishwa kazi na wanaojitoa uhai, ilhali hali yao ina jina na ina matibabu.

Hulka na hitilafu yake

Kila mtu ana hulka. Kuna mpole na mkali, mcheshi na mkimya, mwenye haraka na mwenye subira. Tofauti hizi si ugonjwa. Mtu mwenye hulka yenye afya hubadilisha mwenendo wake kulingana na mahali na wakati: mkali akiwa matangani hunyamaza, na mkimya akidhulumiwa hujitetea.

Hitilafu huanza pale mtu anaposhindwa kugeuza mkondo hata unapomdhuru. Wataalamu hutazama mambo matatu. Kwanza, je, mwenendo huo umedumu? Kwa kawaida huonekana tangu ujana wa mapema, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka uwe umeendelea kwa angalau miaka miwili. Pili, je, umeenea? Mtu anayegombana na mkubwa wake kazini pekee huenda ana mkubwa mbaya tu. Anayegombana kazini, nyumbani, kanisani na katika chama chake cha akiba ana jambo jingine. Tatu, je, unaleta mateso au unamzuia kufanya kazi, kusoma na kuishi na wenzake?

Chukua mfano wa kubuni wa binti wa miaka 24 anayehudumu katika duka la kutuma pesa mjini Nakuru. Mpenzi wake akichelewa kujibu ujumbe kwa saa moja, binti humpigia simu mara ishirini. Asipopokelewa humtumia matusi, kisha usiku huo huo hujidhuru, na asubuhi huomba radhi kwa machozi. Ameacha kazi tatu katika miaka miwili. Mama yake amempeleka kuombewa, shangazi anashikilia kuwa amerogwa, naye kaka yake mkubwa anasema dawa yake ni kuolewa ili atulie. Binti mwenyewe anasema moyoni mwake mna shimo lisilojaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuwaza kwamba huenda mambo haya yote ni dalili za hali moja.

Makundi matatu

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, ambao toleo lake la tano lilitolewa mwaka wa 2013, hutaja hitilafu kumi na kuziweka katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la watu wanaoonekana wa ajabu au waliojitenga. Humo mna hulka ya kushuku, ambapo mtu huona hila katika kila tendo. Hulka ya kujitenga, ambapo hana haja ya usuhuba. Na hulka ya mawazo yasiyo ya kawaida, ambapo fikra na usemi wake huwashangaza watu.

Kundi la pili ni la hisia kali na vitendo vya ghafla. Hapa ipo hulka ya kukiuka haki za wengine bila majuto. Hulka ya kutafuta kutazamwa kila wakati. Hulka ya kujikweza, ambayo chini ya majivuno yake aghalabu pana nafsi inayoumia upesi. Na hulka ya mpakani, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi na yenye ushahidi mwingi wa tiba. Binti wa mfano wetu yumo humu.

Kundi la tatu ni la hofu na wasiwasi. Humo mna hulka ya kuepuka watu kwa kuogopa kudharauliwa; hulka ya kutegemea wengine hata katika maamuzi madogo; na hulka ya utaratibu uliopindukia, ambapo mtu hukwamishwa na kutaka kila jambo liwe kamili.

WHO nayo ilichukua njia tofauti katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Badala ya majina mengi, daktari hupima kwanza ukali wa hitilafu, iwe ndogo, ya wastani au kubwa, kisha hueleza sifa zilizotawala. Mabadiliko hayo yalitokana na ukweli ambao matabibu walikuwa wakiuona kila siku: mgonjwa mmoja aghalabu huwa na dalili za majina matatu au manne, na jina lenyewe halisemi anaumia kiasi gani.

Je, ni ugonjwa wa Wazungu?

Wapo wanaodhani kuwa mambo haya ni ya ng'ambo. Ukweli ni tofauti. WHO ilipofanya uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 1994 ili kujaribu mahojiano maalumu ya kutambua hitilafu za hulka, wagonjwa 716 walihojiwa katika nchi 11 za Amerika Kaskazini, Ulaya, Afrika na Asia, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha ambazo maswali hayo yalitafsiriwa. Hitilafu hizo zilitambulika katika tamaduni zilizotofautiana mno. Baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulizipata pia miongoni mwa wagonjwa waliolazwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi.

Uchanganuzi wa tafiti kutoka nchi 21, uliochapishwa mwaka wa 2020, ulikadiria kuwa takriban asilimia 7.8 ya watu wazima duniani wana hitilafu ya hulka ya aina moja au nyingine. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani, kadirio lilikuwa asilimia 4.3. Hata tukiichukua hesabu hiyo ya chini, ni sawa na mtu mmoja katika kila watu wazima 23. Ni nadra kwa ukoo mkubwa kukosa hata mmoja.

Pamoja na hayo, utamaduni lazima uzingatiwe. Kijana anayeishi na wazazi akiwa na miaka 28 na kuwauliza ushauri kabla ya kuoa hana hulka ya kutegemea, anafuata ada. Anayeamini kuwa mababu wanamtazama hana mawazo ya ajabu ikiwa jamii yake yote inaamini hivyo. Mtaalamu mwema hupima mtu kwa kipimo cha mahali alikokulia.

Mizizi yake

Chanzo si kimoja. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi wa damu una mchango mkubwa, unaokaribia nusu, katika kutofautisha watu kwa sifa hizi. Kuna mtoto anayezaliwa na hisia zinazowaka upesi na kuzimika polepole. Mtoto huyo akilelewa na watu wanaomtuliza na kumfunza kuyataja yanayomsibu, huenda akawa mtu mzima mwenye moyo mwepesi wa huruma. Akilelewa na watu wanaomwambia kila mara kuwa anadeka au anajifanya, hujifunza kuwa hisia zake ni uongo, na kwamba hasikiki mpaka apige kelele.

Dhuluma za utotoni huongeza hatari. Katika uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Kenya mwaka wa 2019, karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa namna fulani kabla ya kutimiza miaka 18. Si wote waliodhulumiwa wanaopata hitilafu za hulka, na si wote wenye hitilafu hizo waliodhulumiwa. Kwa hivyo si haki kuwanyooshea wazazi kidole bila kujua kisa.

Jina lililogeuka kuwa tusi

Neno "mpakani" lina historia. Mwaka wa 1938, Adolf Stern, daktari wa New York, alieleza kundi la wagonjwa ambao hawakuingia katika fungu la wasiwasi wa kawaida wala la wendawazimu, na ambao njia za tiba za wakati huo hazikuwafaa. Walionekana kusimama mpakani mwa mafungu hayo mawili. Fikra hiyo ya mpaka imeachwa, lakini jina limebaki.

Kwa miongo mingi, jina hilo lilikuwa kama muhuri wa kukata tamaa. Wauguzi na madaktari waliwaona wagonjwa hawa kuwa watu wa hila, wanaotaka kutazamwa tu. Waliojidhuru walishonwa majeraha kwa maneno makali na kurudishwa nyumbani. Siku hizi tatizo limechukua sura mpya. Katika mitandao ya kijamii, kila mume aliyemwacha mke huitwa mwenye hulka ya kujikweza, na kila mke anayelia huitwa wa mpakani. Jina la ugonjwa linapogeuzwa kuwa silaha ya ugomvi, anayeugua kwa kweli huona aibu kulitamka mbele ya daktari. Ikumbukwe kwamba hakuna anayeweza kupimwa na mpenzi aliyekasirika.

Mgonjwa aliyebuni tiba

Kisa cha Marsha Linehan kinaonyesha umbali uliosafiriwa. Mwaka wa 1961, akiwa na miaka 17, msichana huyo wa Tulsa, Oklahoma, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford, Connecticut. Alikuwa akijidhuru kila alipopata nafasi, na mara nyingi alifungiwa chumba cha peke yake. Madaktari walimwandikia kuwa ana skizofrenia, wakampa dawa kali na tiba ya umeme. Alikaa humo zaidi ya miaka miwili na kutoka bila kupona.

Linehan alisoma, akawa mwanasaikolojia na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Huko alitunga tiba ya dayalektiki, ambayo wataalamu huitambua kwa herufi DBT. Mwaka wa 1991 alichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kuwa wanawake waliopewa tiba hiyo walijidhuru mara chache zaidi, walilazwa hospitalini kwa siku chache zaidi, na hawakukatiza matibabu kwa urahisi kama wenzao waliopata huduma za kawaida. Miaka 20 baadaye, Juni 2011, alirudi katika hospitali ile ile ya Hartford na kutangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa humo. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka wa 2020.

Kiini cha tiba yake ni kuunganisha mambo mawili yanayoonekana kupingana: kumkubali mtu jinsi alivyo, na kumsaidia abadilike. Akikubaliwa tu, hubaki palepale. Akishurutishwa tu kubadilika, huona amedharauliwa na kuondoka.

Tiba zenyewe

Katika tiba ya dayalektiki, mgonjwa hukutana na mtaalamu wake mara moja kwa wiki, na pia huhudhuria darasa la pamoja la stadi nne: kuwa makini na yanayotokea sasa hivi bila kuyahukumu, kustahimili dhiki bila kufanya jambo la kuongeza dhiki, kuzimudu hisia, na kusema haja zako bila kuvunja uhusiano. Baina ya mikutano anaweza kumpigia simu mtaalamu wake ili akumbushwe stadi hizo wakati wa tufani. Mpango wa kawaida huchukua takriban mwaka mmoja.

Tiba ya pili ilikuzwa London na Anthony Bateman na Peter Fonagy. Humfunza mtu kusimama na kujiuliza: ni nini kinapita akilini mwangu, na ni nini huenda kinapita akilini mwa mwenzangu? Kwa binti wa Nakuru, ingemwezesha kuona kwamba simu isiyopokelewa huenda ina maana ya betri iliyokwisha wala si penzi lililokwisha.

Tiba ya tatu ni ya skima, iliyobuniwa na Jeffrey Young wa Marekani. Hii hurudi kwenye imani zilizopandwa utotoni, mathalani "mimi sipendeki" au "kila mtu ataniacha", na kuzing'oa polepole. Imetumika pia kwa hitilafu za kundi la tatu, ambalo hunufaika vilevile na tiba ya kubadilisha fikra na mwenendo inayomzoesha mtu mambo anayoyaogopa hatua kwa hatua.

Ni vyema kusema ukweli kuhusu mipaka. Kwa hulka ya kukiuka haki za wengine, ushahidi wa tiba bado ni haba. Kwa hulka ya kujikweza, majaribio makubwa hayapo, ingawa wataalamu huwatibu wagonjwa hao kwa kurekebisha njia zilizotajwa hapo juu.

Habari njema kwa nchi maskini

Msomaji atauliza: tiba hizi za Seattle na London zitapatikana vipi Lodwar au Kwale? Jibu linatoka Toronto, Kanada. Mwaka wa 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 180 wenye hulka ya mpakani. Nusu walipewa tiba ya dayalektiki kwa mwaka mzima. Nusu nyingine walipewa huduma ya kawaida ya daktari wa akili, lakini iliyopangwa vyema: mikutano ya kila wiki, maelezo ya wazi kuhusu ugonjwa, na msimamo usioyumba. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti baina yao haikuwa ya maana kitakwimu.

Funzo ni kwamba jina la tiba si kila kitu. Kinachoponya zaidi ni mtaalamu anayefahamu hali hiyo, asiyeogopa hasira wala kumwaga lawama, mwenye mpango unaojulikana na mgonjwa, na anayeonekana wiki baada ya wiki. Huduma ya namna hiyo inaweza kutolewa na muuguzi wa afya ya akili au mshauri nasaha aliyefunzwa katika hospitali ya kaunti.

Je, vidonge vinasaidia?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kutibu hitilafu za hulka zenyewe. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka wa 2009 ulisema wazi kuwa dawa zisitumiwe mahususi kwa hulka ya mpakani. Hata hivyo, wagonjwa wengi huwa pia na sonona, wasiwasi au uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na hayo yana dawa zake. Anayemeza vidonge asiviache ghafla bila kumwona daktari. Vilevile, dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi zinazozoeleka upesi zinahitaji tahadhari kubwa.

Huu ni wajibu mwingine wa daktari: kutofautisha. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia mseto hupanda na kushuka kwa siku au wiki kadhaa, ilhali mwenye hulka ya mpakani anaweza kubadilika mara kadhaa kwa siku moja, hasa akiguswa na jambo la mahusiano. Mabadiliko ya tabia yanayomjia ghafla mtu wa miaka 45 ambaye hapo awali alikuwa mtulivu yapaswa kuchunguzwa mwilini kwanza, kwa kuwa huenda ni jeraha la kichwa, tezi ya shingo au maradhi ya ubongo.

Matumaini ya muda mrefu

Kuanzia mwaka wa 1992, Mary Zanarini na wenzake karibu na jiji la Boston waliwafuatilia wagonjwa 290 wenye hulka ya mpakani waliokuwa wamelazwa. Baada ya miaka 10, asilimia 93 walikuwa wamepata kipindi kisichopungua miaka miwili ambapo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Nusu yao walikuwa wamepona kwa maana kamili zaidi, wakiwa na kazi au masomo pamoja na angalau uhusiano mmoja mwema.

Takwimu hizo zina pande mbili. Dalili hutulia kwa wengi mno, lakini kurejea kazini na katika urafiki ni safari ndefu zaidi. Ndiyo maana tiba isiishie katika kuzuia mtu asijidhuru. Yafaa imsaidie kujenga maisha anayotaka kuyaishi.

Kusaka tiba nchini Kenya

Hospitali ya Mathari ilianza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, na kwa wengi jina lake bado linatisha. Lakini si lazima kuanzia huko. Hospitali za rufaa za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret na kitengo cha Port Reitz mjini Mombasa pia hutoa huduma hizo. Wengi hawahitaji kulazwa.

Uhaba wa wataalamu ni wa kweli. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya mwaka wa 2017 ilionyesha kuwa nchi ilikuwa na madaktari wa akili wasiofika 100. Mwaka wa 2020, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyotiwa saini Juni 2022 yalitambua haki ya mgonjwa kueleza ridhaa yake kuhusu matibabu, na haki ya kupata bima ya afya bila kubaguliwa. Kwa kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni busara kuuliza hospitalini mapema ni huduma zipi za afya ya akili zinazolipiwa.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza asitarajie jina la ugonjwa siku hiyo hiyo. Uchunguzi mzuri huhitaji mikutano kadhaa. Akiweza, aandike mapema mambo yanayojirudia maishani mwake, na aandamane na mtu aliyemjua tangu utotoni. Kuna maswali ambayo ana haki ya kumuuliza mtaalamu: Umesajiliwa na bodi gani? Umewahi kuwatibu watu wenye hali hii? Mpango wetu ni upi, na utachukua muda gani? Nifanye nini nikizidiwa kabla ya mkutano ujao? Ada ni kiasi gani, na je, yaweza kupunguzwa? Baadhi ya vyuo vinavyofunza wanasaikolojia huwa na kliniki za ada nafuu.

Akihisi hakuelewana na mtaalamu wa kwanza, asikate tamaa. Hata hivyo, ajue kwamba hamu ya kukimbia baada ya kukasirishwa ni sehemu ya hitilafu yenyewe. Heri aseme, "Daktari, neno lako la juzi liliniumiza," kuliko kutoweka. Mazungumzo ya namna hiyo ndiyo tiba.

Wajibu wa jamaa

Kuishi na mtu wa hali hii huchosha, na jamaa hawapaswi kujifanya kuwa hawachoki. Wataalamu hushauri kuikubali hisia bila kuukubali mwenendo. Mzazi anaweza kusema, "Mwanangu, naona umeumia sana, na niko hapa. Lakini matusi sitayapokea. Tulia, kisha tuzungumze." Maneno hayo hufaa zaidi ya mahubiri wakati wa hasira. Mipaka iwekwe siku ya utulivu, iwe michache, na itimizwe.

Wazee wa dini wana nafasi yao. Mchungaji au imamu anayemwombea mtu na kumhimiza aendelee na kliniki ni mshirika mkubwa. Anayemwambia aache tiba ili kuthibitisha imani anamweka hatarini.

Kuhusu kujiua, jamaa wasiogope kuuliza waziwazi. Kumuuliza mtu kama anawaza kufa hakumpandii wazo hilo. Aghalabu humpunguzia mzigo. Wakati wa hatari asiachwe peke yake, dawa za wadudu na vidonge viondolewe nyumbani, na afikishwe katika hospitali iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya limekuwa likitoa ushauri nasaha bila malipo kupitia nambari ya simu 1199. Isitoshe, Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mahali pa mtu huyo ni kwa daktari, si korokoroni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi yanayojificha ndani ya tabia ni rahisi zaidi kufichwa kuliko mengine yote, kwa kuwa hata mwenyewe hudhani ndiyo nafsi yake. Binti wa Nakuru hahitaji kuambiwa kuwa ndivyo alivyo. Anahitaji mtu mmoja wa kumwambia kuwa mateso yake yana jina, na wa kuandamana naye hadi kliniki. Wahenga hawakukosea waliposema tabia ni ngozi. Ngozi nayo, ikitunzwa kwa subira, hufunga jeraha, hata kama kovu litabaki.